Jirani Yangu wa Ndege Nyeupe

Jumanne, 6 Julai

Daftari hili nimepewa na dada yangu Janeal wa Overton. Kasema kwa kuwa naishi peke yangu na usingizi umenikimbia tangu mwezi wa tano, niandike angalau mistari miwili kila jioni. "Andika chochote, Verlene." Hajui kwamba chochote ndicho kitu tulichokatazwa sisi. Basi nitaandika yale yanayoruhusiwa: joto, watu na chakula. Kazi siitaji. Asubuhi naenda kaskazini, jioni narudi, mikono yangu inanuka sabuni. Atakayelisoma daftari hili ataishia hapo.

Joto la leo ni la kumwivisha mtu. Mawingu yalikusanyika juu ya milima tangu saa nane mchana, yakatutazama weee, yakaenda zake.

Jumatano, 7 Julai

Joto. Kazini. Nyanya.

Alhamisi, 8 Julai

Nimesoma ya jana nikacheka, maana baada ya mwaka hata mimi sitajua hiyo nyanya ilikuwa nini. Nieleze.

Kwenye ndege zetu za kutupeleka kazini, zile nyeupe zenye mstari mwekundu ambazo mji mzima unaziona zikiruka na mji mzima unajifanya hauzioni, hakuna aliyepangiwa kiti. Lakini kila mtu ana kiti chake, na kukalia cha mwenzio ni sawa na kuvaa viatu vyake. Mimi nakaa upande wa njia, nyuma kidogo ya bawa. Dirishani anakaa mzee mmoja mrefu, masikio makubwa, shati limepigwa pasi hata mwezi huu wa moto. Miaka kumi na moja tumekaa hivyo. Mimi namwita jirani, yeye ananiita jirani. Jina lake ni Wendell, na hilo nalijua kwa sababu mlinzi wa mlangoni humwambia "Asubuhi njema, Wendell." La ukoo silijui. Anachofanya kule sikijui, na yeye changu hakijui.

Kila kiangazi huja na nyanya moja kutoka bustanini kwake. Huikata katikati kwa kisu cha plastiki, anafungua kikaratasi cha chumvi, nusu yake, nusu yangu. Tunazungumza kuhusu nyanya, mbwa wa mtaani kwake, na miguu yangu. Ndege ikianza kushuka tunateremsha mapazia ya madirisha, na midomo nayo tunaifunga. Hakuna anayeuliza kitu. Hata tukikutana mjini dukani, humsalimii mwenzio mpaka yeye akusalimie kwanza, maana hujui yuko na nani na amewaambia anafanya kazi gani.

Janeal anasema hayo ni maisha ya kifungoni. Mimi nayaona ya amani. Mume niliyekuwa naye alikuwa na maswali kama karani wa mahakama.

Jumatatu, 12 Julai

Leo jirani amenikasirisha, na bado sijajua kama nimekasirika kweli.

Tulikuwa tunatoka maegeshoni kuelekea jengo letu, mimi na yeye, tukamwona mtalii mmoja. Wako wengi, wanasimama nje ya uzio na kamera zenye pua ndefu wanapiga picha ndege zetu, na sisi tumefundishwa kupita kama tunapita nguzo ya umeme. Huyu alikuwa na shingo nyekundu kwa jua, kofia hana. Mara kamera ikamponyoka, magoti yakakunjika, akaanguka chali kwenye changarawe.

Mlinzi akapaza sauti kutoka ndani: "Mwacheni! Tutamwita mtu!"

Jirani akanikabidhi begi lake. Akatoka getini, akapiga goti, akammiminia yule bwana maji yake yote kichwani, kisha akamkalisha kwenye kivuli cha gari. Mimi nikasimama na mabegi mawili kama mpagazi, hatua chache tu kutoka pale, nikisikia kila neno.

Mtalii alipofungua macho akauliza, "Mzee, nyinyi huwa mnaenda wapi?"

"Mimi naenda kazini," jirani akamjibu. "Wewe nenda kivulini, na ununue kofia."

Basi. Hapakuwa na neno jingine. Tukaingia ndegeni tukihema, wa mwisho kabisa, watu wote wakitutazama. Nikamwambia, "Siku moja utatuponza, jirani." Akasema, "Angekufa pale, jirani, ningekula vipi nyanya yangu?"

Ijumaa, 16 Julai

Kiti cha jirani kitupu. Huenda anaumwa.

Jumatatu, 19 Julai

Kitupu.

Jumanne, 20 Julai

Kitupu. Lalo Archuleta, anayekaa ng'ambo ya njia, bwana mnene mwenye utani hata na viatu vyake, alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akarudi kwenye gazeti lake. Humu ndani mtu akitoweka anatoweka. Nimeweka mkoba wangu pale dirishani, halafu nikautoa. Mvua hakuna.

Alhamisi, 22 Julai

Nimefaulu! Naandika huku nakula kipande kizima cha pai ya cheri, nimejinunulia mwenyewe.

Mwaka huu ni zamu yangu ya kukaguliwa upya kibali cha serikali cha kufanyia kazi kule, nao huwa hawasemi watakuja lini. Leo jioni nimevua viatu tu, kengele ikalia. Afisa wa vibali, anaitwa Pruitt, suti ya kijivu, jasho linamtiririka. Nikampa maji ya limau. Akauliza mambo ya kawaida, madeni, pombe, safari. Kisha kwa sauti ile ile akasema:

"Unamfahamu Wendell Ostrander?"

Nikajua hapo ndipo penyewe. Wanapima mdomo wako: wanakutajia mtu, wewe unaropoka, wanakuandika kwamba huna breki.

"Simfahamu," nikasema.

"Inasemekana mnakaa pamoja ndegeni."

"Ndege ina watu wengi, bwana."

"Tarehe kumi na mbili asubuhi, pale kwenye uzio. Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Hukumwona akizungumza na mtu yeyote?"

"Mimi nikienda kazini natazama mlango."

Akapangusa shingo. "Mkewe anaitwa nani?"

"Hilo ndilo nisilolijua kabisa."

"Una hakika na majibu yako, mama? Yote?"

"Yote."

Akaandika, akashukuru kwa maji ya limau, akaondoka. Hata hakumaliza bilauri yake. Ostrander! Kumbe ndilo jina lake la ukoo. Jirani akirudi nitamtania kwamba nimelijua bila kuuliza.

Jumamosi, 24 Julai

Overton kwa Janeal, sikukuu ya waanzilishi. Gwaride la matrekta na watoto, bonde zima limejaa vumbi. Viazi vya kuoka na jibini, matikiti, saladi ile ya jeli ya kijani inayotikisika ambayo mimi sili. Shemeji yangu Boyd akaanza mchezo wake wa kila mwaka mbele ya watu:

"Verlene! Yule mgeni wa sayari nyingine, kijani mwenye macho makubwa, hajambo huko kazini?"

"Hajambo, shemeji. Anauliza lini utarudi nyumbani, mama yako analia."

Watu wakacheka mpaka mtu akamwaga juisi. Janeal yeye hakucheka. Alinifuata jikoni. "Mbona umekonda? Unakula? Ukitoka kazini unaongea na nani?" Nikamwambia aache udaku. Akakaza mdomo, akaendelea kuosha vyombo.

Jumatano, 28 Julai

Kiti kitupu. Upepo wa vumbi, ndege ilirushwarushwa. Nimegundua kwamba kumbe huwa namshika jirani mkono wa shati ndege ikiyumba. Leo nilishika kiti.

Jumatano, 4 Agosti

Maegeshoni Lalo alijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

"Yule wako wamemnyang'anya kibali."

"Si wangu."

"Haya, si wako. Wamekichukua. Kisa yule mtu wa kamera. Wanasema walikuwa wamepanga kukutana, maji yalikuwa kisingizio tu."

"Upuuzi! Mtu alianguka mwenyewe, mimi nilikuwa..."

Lalo akainuka. "Ulikuwa nini, dada Verlene?"

"Nilikuwa nachelewa."

Usiku huu sitalala, najijua.

Alhamisi, 5 Agosti

Radi tupu, bila mvua.

Ijumaa, 6 Agosti

Namuwazia yule Pruitt. Kwa nini aliniuliza kuhusu uzio ikiwa alikuja kwa ajili yangu? Lakini kama hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa ajili ya nani? Nimefagia nyumba yote. Nimepanga makabati. Nimekaa, nimeinuka, nimefagia tena.

Jumamosi, 14 Agosti

Nitaandika lote.

Nimeenda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kichwa cha mpira wa maji, cha kwangu kinavuja. Nimekunja kona ya vifaa vya bustani, na huyo hapo: jirani, kavaa aproni ya duka, anapanga mifuko ya mbolea. Shati ndani ya aproni limepigwa pasi.

Tukatazamana. Nikangoja anisalimie. Miaka kumi na moja ya mazoea, mwili wenyewe ulisimama ukangoja. Naye akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mteja.

"Nikusaidie nini, mama?"

Mama! Sijawahi kuitwa mama na mtu huyu.

"Kichwa cha mpira wa maji," nikasema.

Akanipeleka mpaka kwenye rafu. Akachukua cha shaba, akakigeuza mkononi, na bila kunitazama akasema taratibu: "Waliniuliza nani alikuwepo. Nikawaambia, mwulizeni yule ninayekaa naye. Aliona yote, alisikia yote, alinishikia begi. Nikawaambia hakuna mtu anayenijua pale kama yeye."

Nikasogea karibu.

"Wakarudi wakaniambia, Bwana Ostrander, mama huyo anasema hakujui. Hakuona kitu. Na mkeo hamjui." Akanipa kile kichwa cha shaba. "Kwa hiyo sasa mimi ni mtu aliyekutana na mpiga picha na pia ni mwongo. Hiki kizuri, hakivuji. Malipo ni pale mbele."

"Nilidhani wananipima mimi," nikasema. "Jirani, wallahi nilidhani ni kipimo changu."

Alinitazama sasa. Macho hayakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonila. Akasema, "Najua. Na mimi ningeulizwa habari zako, huenda ningejibu hivyo hivyo." Akarudi kwenye mbolea.

Nililia ndani ya gari, kiyoyozi kikinipulizia uso. Nililia kwa aibu, na kwa hasira juu yake kwa nini hakunifokea. Mimi ndiye niliyemwangusha yule mzee, tena nikasherehekea kwa pai.

Jumatatu, 16 Agosti

Kazini. Sikusema.

Jumanne, 17 Agosti

Mvua ya kwanza, matone mazito, dakika tano. Sikusema.

Jumatano, 18 Agosti

Nimemweleza Lalo. Kwa mara ya kwanza nimemwona bila utani usoni.

"Sikiliza, dada. Ukienda kusema, huendi kumtetea Wendell tu. Unaenda kumwambia afisa kwamba ulimdanganya. Hao hawasamehe uongo. Umebakiza miaka miwili tu ustaafu."

"Kwa hiyo nikae kimya?"

"Mimi sijakwambia ukae kimya. Nimekwambia bei."

"Wewe ungefanya nini?"

"Mimi?" Akacheka kicheko kikavu. "Mimi nilikuwa naingia ndegeni siku ile ile. Nilimwona kupitia mlango akimmwagia maji. Na mimi nimekaa kimya, wala hakuna aliyekuja kuniuliza."

Nilikuwa namwona Lalo mtu mwepesi. Kumbe naye anabeba jambo lake kila asubuhi.

Alhamisi, 19 Agosti

Niliomba ruhusa nusu siku. Nikavaa gauni la kanisani, ambalo kanisani sijalivaa miaka mingi, nikaendesha kwenda ofisi ya Pruitt. Saa tisa mbingu zikapasuka. Sijui maji yale yote yalikuwa wapi tangu Juni. Pale barabara inapobonyea, korongo lilikuwa limefurika, maji ya rangi ya kahawa na maziwa yanapita na mapipa ya taka, matawi na kiti cha bustani cha mtu. Polisi akaninyooshea mkono nirudi.

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule, nikageuza gari nikiimba. Nilipofika nyumbani nikajiona kwenye kioo na gauni lile, nikajichukia.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimekaa ndegeni nikitazama kiti cha dirishani. Pazia lake limekuwa chini tangu siku aliyoondoka. Hakuna aliyelipandisha.

Jumatatu, 23 Agosti

Sikusema.

Alhamisi, 26 Agosti

Nimesema.

Mbingu zilikuwa nyeupe, barabara kavu, nikakosa kisingizio. Ofisi ya Pruitt ni chumba kidogo chenye saa kubwa ukutani na ua la plastiki. Aliponiona akadhani nimeleta makaratasi.

"Bwana Pruitt, siku ile nilikudanganya."

Akaweka kalamu chini. "Kaa kwanza, mama. Unaelewa unachoniambia?"

"Naelewa. Namfahamu Wendell Ostrander. Nakaa naye kila siku. Tarehe kumi na mbili nilikuwa nimesimama pale nimeshika begi lake." Nikamweleza lote: shingo nyekundu, kamera, maji, kivuli cha gari. "Yule mtu aliuliza mnaenda wapi, naye akajibu, mimi naenda kazini, wewe nenda kivulini, na ununue kofia. Hapakuwa na neno jingine. Mkitaka kumfunga mtu kwa kuuza kofia, mfungeni."

Pruitt hakucheka. Lakini alitazama ua lake la plastiki kidogo.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu mmenifundisha vizuri."

Saa ya ukutani inagonga.

"Tulikufundisha usiwaambie watu wa nje," akasema polepole. "Hatukukufundisha kutuficha sisi."

"Mdomo ni mmoja, bwana. Ukishaufunga miaka kumi na moja, haujui tena nani yuko nje na nani yuko ndani."

Akaandika kwa muda mrefu. Akauliza tena moja moja, nami nikajibu moja moja. Alipofika kwenye lile la mke wa Wendell, nikasema ukweli ni ule ule, jina silijui. Akainua macho. "Miaka kumi na moja?" Nikasema ndiyo. Nadhani hilo lilinivunja kuliko yote.

Mwisho akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikavua kitambulisho changu nikamwekea pale.

"Nenda nyumbani usubiri," akasema.

Jumatatu, 30 Agosti

Nyumbani. Ndege ya alfajiri ilipita juu. Nilijua ni ipi kwa sauti yake tu.

Jumatano, 1 Septemba

Nyumbani. Nimepaka rangi mlango.

Alhamisi, 2 Septemba

Rangi mbaya. Nimeirudia.

Jumatatu, 6 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, na mimi sijui kama bado ni mfanyakazi. Janeal amekuja peke yake, amebeba bakuli la viazi. Aliuona mlango, akauona uso wangu.

"Umefukuzwa?"

"Sijui."

"Kwa kosa gani?"

Nikafungua mdomo nimwambie ni udaku, nikajisikia nikisema, "Nilimkana mtu." Nikamweleza kadiri ninavyoweza kueleza, bila kutaja mahali, bila kutaja kazi. Akauliza. Loo, aliuliza! Ana umri gani, ana watoto, nyumba yake iko wapi, anaumwa nini, hizo nyanya ni za aina gani. Kwa kila swali nikajibu sijui, sijui, sijui. Hakunicheka. Alinishika mkono wenye rangi ya mlango. Miaka yote hii nilimwona Janeal mdaku, na kumbe ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akiuliza kama nimekula.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza goti lake bovu linaendeleaje. Alishangaa mpaka akakaa chini tena, nikasikiliza habari za goti saa nzima.

Jumanne, 14 Septemba

Mvua za mwisho, nadhani. Hewa ina harufu ya vichaka vilivyolowa. Simu haijalia.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimepita mbele ya lile duka mara mbili kwa gari. Sikushuka.

Alhamisi, 23 Septemba

Simu. Pruitt. Nije Ijumaa nichukue kitambulisho changu, kuna karipio la maandishi litakaloingia kwenye faili langu na kukaa humo. Nikasema asante, kisha nikamwuliza, "Na Bwana Ostrander?"

"Sina ruhusa ya kusema, mama."

"Najua."

Hakukata simu. Nilisikia anapumua. "Bustani zinapoa sasa," akasema. "Mtu mwenye nyanya zake huu ndio wakati." Akakata.

Nimesimama jikoni na simu mkononi. Sijui kama alimaanisha kitu au alikuwa anaongea tu.

Jumatatu, 27 Septemba

Amerudi!

Mlinzi alisema "Asubuhi njema, Wendell" kama vile jana tu alikuwepo. Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikafika kwenye safu yetu. Dirishani hakuna mtu.

Amekaa mbele, safu ya tatu, dirishani, kiti alichokuwa akikalia mtu aliyestaafu mwezi wa nne. Nilipita karibu na bega lake. Hakugeuka.

Jumanne, 28 Septemba

Mbele.

Jumatano, 29 Septemba

Mbele. Ninaona masikio yake tu juu ya kiti. Nilikuwa nikidhani kwamba akirudi kazini mambo yatakuwa yameisha. Kibali amerudishiwa na serikali, lakini mimi bado ni yule mama asiyemfahamu.

Alhamisi, 30 Septemba

Lalo akanong'ona kutoka ng'ambo, "Hamia basi, dada. Utamtoboa kisogo kwa macho."

"Sijawahi kubadili kiti. Watu watasema."

"Watu gani? Humu ndani nani anasema?"

Ijumaa, 1 Oktoba

Leo nimeingia wa kwanza kabisa, nimesimama kwenye njia na mkoba wangu, nikawapisha watu wakipita wananikunjia uso. Jirani akaja, akakaa safu ya tatu dirishani. Nami nikakaa kando yake.

Ndege nzima iliona. Niliwasikia wakiona. Lalo alikohoa kikohozi cha uongo.

Tulipaa, tukapita juu ya paa za mji, juu ya korongo lililokauka tena. Jirani alitazama nje. Begi lake lilikuwa magotini, na ndani nilijua kuna nyanya maana harufu ya majani yake naijua. Hakulifungua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, usiku kucha nimeyapanga, ya kuomba radhi na ya kujitetea. Yote yakakauka. Nikabaki na lile moja.

"Jirani," nikasema, "mkeo anaitwa nani?"

Mtu wa safu ya mbele akageuza kichwa nusu, akakirudisha. Swali kama lile halijawahi kuulizwa ndani ya ndege ile, na mimi nilikuwa nimeliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza njia. Ndege ikaanza kushuka. Mhudumu wa ndege akapita akisema mapazia, mapazia. Madirisha yakafungwa moja moja mpaka mbele, tukabaki gizani. Jirani akateremsha la kwake. Ni wakati ambao wote hunyamaza, nami nikajua nimejibiwa.

Magurudumu yakagusa ardhi.

"Arvilla," akasema.

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama pazia lililofungwa.

"Anaitwa Arvilla. Ni fundi wa piano. Mwaka huu ameumwa sana." Akafungua begi, akatoa nyanya, ndogo, ya kwanza ya majira haya ya baridi kidogo, akaishika kiganjani. "Na nyanya hali kabisa. Anasema zinamkera. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea wewe."

Watu walianza kusimama, wanatafuta mabegi yao, basi la kutupeleka linanguruma huko nje. Mimi sikusimama.

"Anaumwa nini?" nikamwuliza.